Aliyewapandisha Mlimani Vifaranga Waliokufa

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa sokoni Kwa Mathias nachagua nyanya. Mtoto wa kwanza wa rafiki yangu mmoja wa zamani alinipigia simu, akanipa shikamoo yangu, akauliza hali yangu na ya nyumbani, na mimi nikajua kabla hajafika alikokuwa anakwenda, kwa sababu vijana wa siku hizi hawaamki kupiga simu ili tu kuulizia afya ya mzee. Akasema baba amepumzika alfajiri, mazishi ni Alhamisi huko Kisarawe. Nikamwambia pole mwanangu, tutaonana. Kisha nikalipia nyanya na kuziacha pale pale mezani, muuzaji akanifuata nazo mbio hadi kituoni. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba sina kawaida ya kuandika habari za marehemu. Nimezika wengi, wakubwa kwa wadogo, na safu hii ikaendelea kulalamikia barabara na bei ya sukari. Huyu siwezi kumpita hivyo, na nitasema sababu bila kuzunguka, nikiishafika mahali pake.

Sitamtaja jina, maana mwenyewe hakupenda kutajwa. Watu wa Kibaha wa rika langu watamtambua kwa jina walilompa wao, Bwana Kuku. Alizaliwa Kisarawe, ndani ndani huko, katika familia ya wakulima wa mihogo na mikorosho, Walutheri tangu kwa babu yao. Alikuja Kibaha miaka michache baada ya Uhuru kufanya kazi katika shamba moja la kuku lililokuwa upande wa Sofu, enzi hizo Sofu ni vichaka na nyumba za kuhesabu. Shamba lenyewe limekwisha kufa, na mahali pake pamejengwa nyumba za watu na maduka ya vocha. Mimi nilimkuta pale mwanzoni mwa miaka ya sabini. Yeye alisimamia mashine ya kutotolea vifaranga, mimi nilikuwa kijana niliyetoka masomoni na cheti kipya na penseli tatu katika mfuko wa shati. Alinizidi miaka kama saba hivi. Nilimwita kaka, naye aliniita mdogo wangu hata mbele ya wakubwa, jambo lililonikera sana kwa sababu nilitaka kuitwa mtaalamu.

Miaka ile kila kijiji kilitaka mradi. Mwingine ulitoka kwa wananchi wenyewe, mwingine uliletwa umekunjwa ndani ya bahasha, na si rahisi leo kumweleza kijana tofauti ilikuwa ipi, kwa sababu yote ilipokelewa kwa ngoma. Huu ninaousimulia ulitoka kwa wenyewe. Ilikuja barua kutoka kijiji kimoja cha ujamaa kilichokaa juu kabisa katika milima ya Uluguru, imeandikwa kwa mkono na kikundi cha akina mama. Walisikia habari za kuku wa Kibaha. Waliomba vifaranga mia moja na mchoro wa banda, wakasema watajenga wenyewe. Walipelekewa mchoro, wakajenga, wakaandika tena kwamba banda limekwisha, na humo wakaongeza jambo ambalo Bwana Kuku alinisomea mara mbili. Uongozi wa kijiji uliwapa kiwanja kwa shingo upande. Vifaranga wasipofika, au wakifika wakafa, kiwanja kingerudi kuwa shamba la maharage na akina mama wasingesikilizwa tena katika mkutano kwa habari ya mradi wowote. Ndiyo maana aliamua kuwapeleka mwenyewe badala ya kuwakabidhi kwa dereva, na akaniteua mimi nifuatane naye. Nilifurahi. Nilidhani tunakwenda matembezi.

Sasa, sisi watu wa Kibaha tukishika kifaranga, adui tunayemjua ni joto. Kila aliyefanya kazi pale aliwahi kuona boksi lililosahauliwa juani dakika chache tu, ukilifunua unafunua msiba. Kwa hiyo siku ya safari, tukingoja basi kando ya barabara ya Morogoro mchana wa jua kali, Bwana Kuku alitoa kisu chake kidogo akaongeza matundu kwenye maboksi yetu mawili. Alitoboa pande zote nne, akatoboa na vifuniko. Nami nikashika boksi asije akakosea. Basi lilipofika, kondakta akataka mzigo upande juu ya keria. Bwana Kuku akamjibu kwa upole kabisa kwamba haina neno, yeye atakaa huko juu ya keria na vifaranga watakaa kwenye kiti chake, tikiti hii hapa. Akaanza kweli kupanda ngazi. Abiria wakacheka, wakasogeana, na vifaranga mia moja wakasafiri hadi Morogoro mapajani mwa watu. Usiku tulilala nyumba ya wageni, akamwaga maji sakafuni ili chumba kipoe.

Kabla ya jua kuchomoza lori lilitushusha chini ya mlima, mahali ambapo gari halina tena la kufanya. Pale alitungoja mjumbe wa nyumba kumi aliyetumwa na kijiji, mwanamume mfupi mwenye rozari shingoni na maneno machache. Alilitazama boksi, akalizungusha, akatazama matundu, akajitwika. Bwana Kuku akajitwika la pili, mimi nikabeba mfuko wa chakula cha vifaranga. Rafiki yangu alitangulia kumwambia mjumbe kwamba asitupunguzie mwendo, yeye mlima anaujua, amekulia milimani. Alikuwa na maana vilima vya Kisarawe. Nakiri kwamba nami niliviona vilima hivyo kuwa milima mpaka asubuhi ile.

Tulipanda. Kijiji cha kwanza kilikuwa ndani ya migomba, tukakifikia jua likiwa limekwisha kuwa kali, vifaranga wakilia kwa nguvu. Ndivyo tulivyotaka, maana kifaranga mzima ana kelele. Bwana Kuku aliwapepea kwa kofia, tukanywa maji ya mtoni yenye baridi ya kuuma meno, tukaendelea. Baada ya hapo njia ikawa ngazi ya udongo, upande mmoja shamba la maharage lililosimama wima, upande mwingine hamna kitu. Wenyeji tuliopishana nao walikuwa wanashuka na mizigo ya ndizi huku wakizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, wanatupa habari za njiani na kuulizia za Kibaha, na sisi tunajibu neno moja moja kwa kukosa pumzi. Nilimwona Bwana Kuku amesimama mahali akijifanya anatazama mandhari, nikasimama naye kuyatazama. Ilipofika saa saba tukaingia katika ukungu. Jua lilipotea, majani ya miti yakawa yanatudondoshea maji shingoni. Sisi tulikuwa tunavuja jasho kwa kupanda, mashati yamegandia mgongoni, na tukipata jasho tuliona na vifaranga wanaona joto vile vile. Mara moja nilimsikia akisema afadhali hewa hii, watapumzika.

Mjumbe ndiye aliyesimama. Aliteremsha boksi kichwani, akalisogeza sikioni, akasema, "Ndugu, mbona wageni wako wamenyamaza?"

Tukafungua. Walikuwa wamerundikana pembeni, wadogo wale wa manjano, wanakimbia baridi kwa kupandana, na waliokuwa chini ya rundo wamekwisha kufa kwa kukosa hewa na wengine kwa baridi yenyewe. Upepo wa mlima ulikuwa unaingia kwa matundu ya upande huu na kutokea upande ule. Boksi la kwanza walikufa kumi na watatu, la pili tisa. Waliobaki walikuwa wanafumba macho. Nimewahi kumwona mtu mzima akiogopa, lakini sikuwahi kumwona mtu akiogopa hivyo kwa ajili ya kuku. Alivua shati hapo hapo katika ukungu, akafunika boksi moja, akaniamuru nivue langu. Mjumbe akasema kijiji cha katikati kiko nyuma ya bega la mlima, tukaenda mbio, vifua wazi, wataalamu wawili kutoka Kibaha.

Nyumba ya kwanza tuliyoikuta alikuwamo mama mmoja na mtoto mgongoni, anakoka moto. Hakuuliza sisi ni nani. Alitazama ndani ya boksi mara moja akasema tuingie jikoni. Akawamimina vifaranga kwenye ungo, akauweka ungo karibu na mafiga, si karibu sana, akajaribu joto kwa mgongo wa mkono wake kama unavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto. Baada ya muda kidogo mmoja akalia. Kisha wengine. Bwana Kuku alikaa chini kwenye vumbi la jiko akafuta uso kwa viganja. Yule mama akachukua chungu chake, akatia makaa, akayafunika kwa majivu mengi ili yasiunguze bali yatoe joto taratibu, akakiweka katikati ya tenga lililotandikwa majani makavu ya migomba. Vifaranga wote wakapangwa kuzunguka chungu, juu yao kanga. Kumbe huko ndivyo wanavyohamisha moto kutoka nyumba hadi nyumba mvua inaponyesha, na ni elimu ambayo haikuwamo katika cheti changu wala katika mashine ya Kibaha. Sharti lake lilikuwa moja tu, chungu kirudi.

Tukiwa tunajiandaa kuondoka, mimi nilifikiri jambo, na niliona ni la busara. Nilimvuta kaka yangu pembeni. Nikamwambia wale waliokufa tuwatupe korongoni. Tukifika tuseme wamekufa kwenye basi, basi lilikuwa na joto, kondakta mkorofi. Nani atabisha? Ukisema ni sisi, mradi wa akina mama utaonekana umeletwa na watu wasiojua kazi, watanyang'anywa kiwanja. Nilizungumza vizuri sana, kwa faida ya akina mama. Alitandika mfuko wa chakula, uliobaki mtupu baada ya chakula kuhamishiwa kwenye boksi tupu, akawapanga humo wale ishirini na wawili mmoja mmoja, akaufunga mdomo, akautia begani. Akawapandisha mlima mzima, mwendo wa saa mbili nyingine, nami nyuma yake nikiona ni wendawazimu.

Kijiji cha juu tulikifikia jua la jioni limetoboa ukungu. Akina mama walikuwa wamejipanga mbele ya banda, na nyuma yao wanaume wa uongozi wamekunja mikono. Nyimbo zilianza, Bwana Kuku akanyoosha mkono zikakoma. Alimwamkia mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mrefu wa makamo aliyefunga kitambaa cheupe, akaitikiwa marahaba. Kisha akaweka tenga chini, na kando yake akafungua ule mfuko.

"Mama, tumewaletea sabini na wanane wazima," alisema. "Hawa ishirini na wawili nimewaua mimi njiani. Nilitoboa maboksi kama tunavyotoboa kwetu pwani, kwenye joto. Baridi ya huku sikuifikiria."

Nilitazama chini. Mwanamume mmoja nyuma alianza kuguna, na nikajua maharage yameshapata shamba. Mwenyekiti aliwatazama waliokufa, akawatazama wazima wakilia kuzunguka chungu. Akauliza kwa hiyo ni baridi iliyowaua, si ugonjwa. Akajibiwa ni baridi. Ndipo akageuka akalitazama banda lake. Nami nikalitazama kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limejengwa kwa uaminifu mkubwa, kipimo kwa kipimo, kuta zimeishia magotini na kutoka hapo hadi kwenye paa ni fito za mianzi zenye nafasi ya kupita mkono, ili hewa ipite, kama tunavyojenga Kibaha.

"Na hili mlilotuchorea," akauliza, "baridi humu itazuiwa na nini?"

Wasomaji, mchoro ule niliuchora mimi. Niliuchora mezani Sofu, na dirisha wazi kwa ajili ya joto, kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikaandika jina langu chini kwa herufi ndogo nzuri. Sikuuliza kijiji kiko wapi. Bwana Kuku alijua hivyo. Aligeuza shingo akanitazama, mara moja tu, akanipa nafasi. Nilikuwa nayo nafasi ile kama muda wa kuvuta pumzi mbili, na sikuitumia. Akamgeukia mama akasema banda nalo ni kosa langu.

Yule mwenyekiti akacheka, si kwa dharau. Akasema maneno ambayo sijayasahau. "Ndugu Mtaalamu, ungeniambia wamekufa kwa joto kwenye basi, usiku huu ningewalaza humu wote waliobaki." Akawageukia wanaume wa uongozi akawauliza kama wamekuja kutazama au kufanya kazi. Mikono iliyokunjwa ikakunjuka. Kabla ya giza kuingia udongo ulikuwa umekandwa, kuta zimepandishwa mpaka shingoni, juu pamezibwa kwa nyasi, vyungu vinne vya makaa vimeletwa kutoka nyumba nne. Nilikanda udongo na mimi, kwa bidii ya mtu asiyetaka kuzungumza. Asubuhi tulihesabu sabini na saba. Kiwanja hakikurudi kwa maharage, na miaka miwili baadaye kikundi kile kilituandikia kuomba majogoo.

Tuliporudi Kibaha aliandika taarifa yake mwenyewe, ukurasa mmoja, maboksi na banda vyote kwa jina lake. Mkubwa wetu wa wakati ule hakupenda vifaranga waliokufa wala karatasi zinazosema wazi kwa nini wamekufa. Bwana Kuku aliondolewa kwenye mashine, akapewa kazi ya kufagia mabanda mwaka mzima. Mwaka huo huo mimi nilichaguliwa kwenda kozi, na katika barua ya kunipendekeza walisifu michoro yangu. Alinisindikiza kituoni akiwa na ufagio mkononi. Aliniambia, "Soma, mdogo wangu," basi.

Nimefikiri sana kuhusu miaka ile. Wengine husema ilikuwa ya ndoto tupu, na wengine husema ilikuwa peponi, na wote wawili nawaona hawakukanda udongo. Nguvu ilikuwapo, nia ilikuwapo, watu walipanda milima na mizigo kichwani kwa ajili ya watu wasiowajua. Tulichokosa mara nyingi ni mtu wa kusimama mbele ya mkutano na kusema hapa nimekosea mimi. Mtaalamu alikuwa hakosei. Mvua ndiyo ilikosea, wananchi ndio hawakuelewa, na banda la joto likajengwa kwenye baridi vijiji vingapi sijui. Wala msinitazame kama mzee anayesema leo ni bora. Nasoma taarifa za ofisi za sasa, zimepigwa chapa vizuri kuliko michoro yangu, na kila kitu humo ni changamoto zilizojitokeza, hakuna mwenye kisu chake cha kutobolea. Ila nakataa kukata tamaa, kwa sababu nimeona kwa macho yangu ukweli wa sentensi nne ukiokoa mradi ndani ya jioni moja. Hauhitaji bajeti.

Alhamisi tulimzika Kisarawe, kwaya ya usharika ikaimba, wajukuu wakashika picha yake. Familia iliniomba niseme machache kwa niaba ya tuliofanya naye kazi. Nilisimama nikasimulia habari ya kondakta na ngazi ya basi, watu wakacheka huku wanalia, nikashukuriwa, nikakaa. Karibu miaka hamsini tulikuwa tukikutana, hapo Kwa Mathias alikouza mayai baada ya kustaafu, harusini, misibani. Hakuligusia jambo lile hata siku moja, na mimi kila mara nilijiambia siku nyingine. Hata kaburi likiwa wazi mbele yangu nilichagua kuchekesha watu.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali anapoweza kusoma kila mtu isipokuwa yeye. Banda lile lilikuwa kosa langu, kaka. Yeye alilisema la kwake wakati sabini na wanane bado wanapumua, ndiyo maana lilifaa kitu. Na wewe unayesoma, kama yupo aliyebeba kosa lako na bado anaishi, weka gazeti hili chini, nenda ukamwambie leo.